Gari Linakalia Mkia Nikifunga Trela: Ninunue Mabegi Mapya ya Hewa?

Fundi mshauri, salaam.

Huwa nasoma safu yako kimyakimya, ila leo nimelazimika kuandika. Nina gari la viti saba, umri wake unakaribia miaka kumi. Mbele linabebwa na springi za chuma, nyuma linabebwa na mabegi mawili ya hewa yanayojazwa na kompresa iliyofungwa chini ya gari. Kazi yangu ni ujenzi mdogomdogo, hivyo huvuta trela la ekseli mbili lenye mashine ya kuchanganyia zege, jenereta na mbao. Likijaa hufika tani moja na nusu. Kitabu cha gari kinaruhusu uzito huo na zaidi.

Miaka yote nikifunga trela nyuma ilikuwa inashuka kidogo, kompresa inanguruma, halafu mkia unainuka wenyewe hadi usawa wake. Sasa mambo yamegeuka. Bila trela gari linasimama vizuri, ukilitazama huwezi kudhani lina kasoro. Nikifunga trela mkia unashuka, kompresa inanguruma kwa muda mrefu, na unainuka nusu tu. Nikitembea kama nusu saa, taa ya sasipensheni inawaka kwenye dashibodi na nyuma inazidi kulala. Usiku wanaokuja mbele yangu wananimulika kwa hasira kwa kuwa taa zangu zinawapiga machoni. Nikifika nikafungua trela na kuliacha gari lipumzike, asubuhi nikiliwasha liko sawa tena.

Fundi wa kwanza alisema mabegi yamechoka, ninunue mawili mapya. Wa pili alisema mambo ya hewa ni usumbufu mtupu, ning'oe kila kitu niweke springi za chuma. Wa tatu hakutaka hata pesa yangu, alinishauri tu nisogeze jenereta na mashine ya zege nyuma ya ekseli za trela ili shingo, ile sehemu ya mbele ya trela inayokaa kwenye ndoano ya gari, iwe nyepesi. Nikasogeza, na kweli mkia uliinuka. Lakini nikikaribia mwendo wa 80 trela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na mke wangu amekataa kupanda tena.

Nimfuate yupi? Na je, naweza kuendelea na kazi wakati najipanga?

Mwenye Mkia Mzito

*

Ndugu yangu Mwenye Mkia Mzito,

Naanza na ushauri wa fundi wa tatu, kwa sababu huo unaweza kukuua kabla hatujafika kwenye mabegi. Rudisha jenereta na mashine ya zege mbele leo hii, kabla trela halijasogea tena hata hatua moja. Mkeo ameona sawasawa.

Trela lililojazwa mzigo nyuma ya ekseli zake halitulii. Upepo wa lori linalokupita, shimo dogo au mkono wako kwenye usukani ukilisukuma upande mmoja, mkia wa trela unalisukuma kwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza, na kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa ndivyo kuyumba kunavyokua badala ya kufifia. Likishavuka kiwango fulani linaburuta na gari lenyewe. Likianza kukuyumbisha kabla hujalipanga upya, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulifukuza kwa usukani, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Kama trela lina breki zake za umeme zenye kitufe cha mkononi, hizo ndizo za kubonyeza, taratibu.

Kwa hiyo shingo ya trela lazima iwe na uzito. Swali ni kiasi gani. Marekani kanuni inayofuatwa sana ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililojaa. Ulaya kiwango huwa cha chini zaidi, na ukomo wake umeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Wewe fuata kibati hicho na kitabu cha gari lako, na ukomo mdogo kati ya hiyo miwili ndio wako. Tani moja na nusu kwa asilimia 10 ni kilo 150, na kwa asilimia 15 ni kilo 225. Uone sasa jinsi kusogeza jenereta nusu mita kunavyoweza kukutoa kwenye salama na kukuingiza kwenye hatari, upande huu au ule.

Usikisie uzito huo, upime. Mizani ya kupimia watu haifiki huko, lakini kuna njia. Chukua ubao mnene. Upande mmoja uulaze juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, ubao ukiwa mlalo. Shingo ya trela iikalishe juu ya ubao, sentimita 30 kutoka mahali unapoegemea tofali na sentimita 60 kutoka mahali unapoegemea mizani. Mizani itabeba theluthi moja tu ya uzito wa shingo, basi zidisha kwa 3. Soma kwanza mizani ikiwa na ubao mtupu, uzito huo uuondoe kabla ya kuzidisha. Magurudumu ya trela yazuiwe kwa vigingi, na shingo iwe kwenye kimo kilekile inachokuwa nacho likiwa limefungwa kwenye gari.

Ukishapata namba, kumbuka kwamba gari linahisi zaidi ya hiyo. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi ya wenzo. Tuseme ekseli ya mbele na ya nyuma ziko mbali mita 2.8, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ya kilo 150 inaongeza karibu kilo 214 kwenye ekseli ya nyuma na kuinyang'anya ekseli ya mbele kilo 64. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinatazama angani. Weka juu yake abiria wa viti vya nyuma na sanduku la vifaa kwenye buti, na huenda ekseli ya nyuma imeshavuka uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni ingawa trela lenyewe liko ndani ya ruhusa. Ukipata mizani ya magari, pima ekseli ya nyuma peke yake trela likiwa limefungwa. Kama imezidi, hakuna begi wala springi itakayoihalalisha. Kifaa cha kuinua mkia hakiongezi uwezo wa ekseli, beringi wala breki. Kuna watu wengi wanaouziwa vitu vya kuinulia kwa imani kwamba sasa wanaweza kubeba zaidi, na hilo linanisikitisha kila ninapoliona.

Sasa tuje kwenye hewa.

Begi la hewa hubeba mzigo kwa presha. Kimo kikibaki palepale, mzigo juu ya begi ukiongezeka kwa nusu, presha ndani yake nayo inatakiwa kupanda kwa karibu nusu. Mambo mawili hutokea presha ikipanda. Kwanza, tundu dogo ambalo bila trela lilikuwa linavuja polepole, sasa linavuja kwa kasi. Pili, kompresa inalazimika kusukuma hewa dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi. Kompresa iliyochoka ni kama pampu ya baiskeli iliyolika ngozi: tairi likiwa laini inajaza bila taabu, likishakuwa gumu unasukuma mpaka jasho linakutoka na hewa inarudi kukupitia pembeni. Ringi ya pistoni ikilika hewa inapita kando yake. Mota inanguruma, inapata moto, na mfumo unaizima ili isiungue. Hapo ndipo taa ya dashibodi inapowaka. Ikipoa inafanya kazi tena, nawe asubuhi unaona gari halina kasoro.

Maelezo yako yanafanana sana na hayo. Kunguruma muda mrefu, kuinuka nusu, taa baada ya nusu saa, kupona ikipumzika: nikilazimishwa kutaja mtuhumiwa wa kwanza, ningetaja kompresa. Lakini sikwambii ukanunue kompresa. Mara nyingi kompresa haifi yenyewe, inauawa. Begi au paipu inavuja kidogo, kompresa inafanya kazi mara nyingi kuliko ilivyokusudiwa, inalika. Ukiweka mpya bila kuziba tundu umenunua kifo kingine. Na ukinunua mabegi mapya huku kompresa imelika, mkia utaendelea kukaa chini kama ulivyo sasa. Mafundi wako wamekuambia cha kununua kabla hawajajua kama hewa inatoka au haitengenezwi. Swali hilo moja ndilo la kujibiwa, na linajibiwa usiku mmoja, kwa futi ya kupimia tu.

Fanya hivi. Egesha mahali tambarare, trela limefungwa na limepangwa vizuri, breki ya mkono juu, vigingi kwenye magurudumu ya gari na ya trela. Washa injini, funga milango yote na buti, kwa sababu magari mengi hayarekebishi kimo mlango ukiwa wazi. Acha kompresa ifanye inachoweza. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa maana upepo wa tairi utakudanganya. Kisha zima injini na uchomoe fyuzi ya kompresa pamoja na ile ya kompyuta ya sasipensheni. Zimechorwa kwenye kitabu cha gari. Hatua hii wengi huiruka. Baadhi ya magari hujisawazisha yenyewe saa kadhaa baada ya kuegeshwa: kona moja ikishuka, yanatoa hewa kona nyingine ili zilingane. Asubuhi unakuta gari limelala pande zote na huwezi kujua tundu liko wapi. Na lako, kwa kuwa unalitazama likiwa limeshawashwa, huenda linavuja usiku kucha na kujijaza kabla hujafungua macho vizuri.

Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, pima tena.

Kushuka milimita chache pande zote mbili kusikutie hofu. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 15 za Selsiasi hupoteza karibu asilimia 5 ya presha yake kamili, na ile iliyotoka kwenye kompresa ya moto hupoa zaidi. Lakini upande mmoja ukiwa umeshuka waziwazi kuliko mwingine, begi la upande huo au paipu yake inavuja. Pande zote zikiwa zimelala kwa kiasi kikubwa kinacholingana, elekeza macho kwenye bloku ya vali, yaani kile kipande kinachogawa hewa kwa mabegi, au paipu ya pamoja. Vipimo vikibaki palepale chini ya mzigo, mabegi yako ni mazima, na fundi wa kwanza amekosea.

Tundu likiwepo, tafuta kwa maji ya sabuni. Changanya sabuni ya vyombo na maji, nyunyizia viungio vya paipu, bloku ya vali, mdomo wa kutolea hewa kwenye kompresa, na mpira wa begi wenyewe. Zingatia sana sehemu ya chini ambako mpira unajikunja juu ya kitako chake. Nyufa huanzia hapo, na nyingine hufunguka kwenye kimo fulani tu. Ndiyo maana fundi anayenyunyizia sabuni gari likiwa halina mzigo anaweza kukuambia hakuna kitu. Fanya jaribio gari likiwa na trela.

Hapa nakuomba kwa dhati: usiingize kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na hewa. Begi likipasuka au vali ikifunguka, gari linashuka kwa kufumba na kufumbua. Chesisi iwekwe kwenye stendi za chuma zenye uwezo wa kutosha. Jeki peke yake haitoshi. Kabla ya kulipandisha, zima mfumo wa kujisawazisha kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu, la sivyo kompyuta itaona magurudumu yamening'inia na kuanza kutoa hewa. Na usilegeze kiungio chochote cha paipu kabla presha haijaondolewa.

Ikiwa hewa haivuji, nenda kwenye kompresa, ila anza na umeme wake. Mota hiyo inakula umeme mwingi, fyuzi yake kwenye magari mengi ni ya ampea 30 au 40, na waya wenye kutu unatosha kuidhoofisha. Pima volti kwenye plagi ya kompresa ikiwa inazunguka na injini inawaka. Betri ikionyesha 14 na kompresa inapata 11, kasoro iko kwenye waya, rilei (swichi ya umeme inayowasha kompresa) au ethi (waya unaofungwa kwenye bodi), na ungetupa kompresa isiyo na kosa. Rilei iitazame kwa makini zaidi. Ncha zake za ndani zikiungua zinaweza kunasa, kompresa ikazunguka bila kukoma hadi ikaungua. Ukibadilisha kompresa, badilisha na rilei siku hiyohiyo. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa inayolindwa nacho.

Kitu kingine kinachoambatana na kompresa ni kikaushio, kile kikopo chenye chembe za kunyonya unyevu. Chembe zikishashiba, maji yanaingia kwenye vali na paipu, vali zinapata kutu na kunasa. Uliza kama kompresa unayouziwa inakuja na kikaushio kipya. Na utazame pia mahali inapovutia hewa: kichujio kikiziba kwa vumbi, kompresa isiyo na kosa inaweza kuonekana imechoka.

Kihisi cha kimo sijakisahau. Ni kile kimkono kidogo kinachounganisha ekseli na bodi ili kompyuta ijue mkia uko juu au chini. Kikinata, kompyuta inaamini gari liko sawa na haiwashi kompresa kabisa. Kwa kuwa yako inanguruma, sikishuku sana, lakini ukipata kompyuta ya kupimia gari mwambie fundi akuonyeshe kimo kinachosomwa kushoto na kulia, mkilinganishe na futi. Iwe kompyuta inayoweza kuingia kwenye mfumo wa sasipensheni. Zile ndogo za kusoma injini hazitaona kitu. Na msifute kosa lililohifadhiwa kabla hamjaliandika. Kwako kosa la kompresa kuzidi joto au kuchelewa kujaza litakuwa ushahidi mzuri. Shokomzoba, kama atakuja fundi wa nne kuzitaja, kwenye mfumo kama wako kazi yake ni kutuliza mdundo. Mzigo unabebwa na begi.

Kuhusu springi za chuma za fundi wa pili: zipo gari zinazobadilishwa hivyo na zinatembea. Lakini springi iliyochaguliwa kubeba trela itakuwa ngumu na kuinua mkia siku ambazo huna trela, na iliyochaguliwa kwa siku hizo italala ukifunga trela. Uzuri wa hewa ni kwamba inajirekebisha kwa mzigo wa siku hiyo, na wewe ni mtu ambaye mzigo wake unabadilika kila wiki. Taa ya dashibodi nayo itabaki inawaka hadi kompyuta idanganywe au iondolewe, na kwenye baadhi ya magari mfumo huohuo umeunganishwa na kidhibiti cha kuteleza. Kwa matumizi yako mimi ningebaki na hewa. Ningekubaliana naye tu kama gari limechakaa kiasi kwamba mfumo mzima umeoza kwa kutu, na hata hapo ningeuliza kwanza kama uzito wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu bado unasimama baada ya mabadiliko.

Ikithibitika begi moja limepasuka, nunua mawili. La pili lina umri uleule na limekunjwa mara zilezile. Fundi atakayeyafunga ayajaze hewa kidogo gari likiwa bado juu ya stendi, ndipo alishushe. Begi jipya likipokea uzito likiwa tupu, mpira unajikunja vibaya na kupasuka muda mfupi baadaye, kisha lawama inakwenda kwa aliyeuza. Msimamie, uone kwa macho yako. Baada ya hapo kimo kisawazishwe upya kwa kompyuta.

Na kazi? Mpaka upime, usivute trela likiwa limejaa. Mkia ukiwa umelala, magurudumu ya mbele yanakosa mshiko wa kutosha kwa usukani na breki, na unawapofusha wengine usiku. Begi lililobanwa hadi mwisho nalo linajisaga lenyewe, hivyo kila safari unaongeza gharama. Kama huna budi, gawa mzigo: jenereta safari moja, mashine ya zege safari nyingine, ukipima shingo kila mara na kuweka kilicho kizito mbele kidogo ya ekseli. Jaza upepo wa matairi ya nyuma kwa kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa mlangoni. Ukisikia kompresa inanguruma bila kukoma, simama, iache ipoe.

Niandikie vipimo vya jioni na vya asubuhi, kushoto na kulia, pamoja na uzito wa shingo na volti kwenye plagi ya kompresa. Nikiwa navyo nitakuambia kitu gani cha kununua.

Wako,
Fundi Mshauri